Kundi la Ng'ombe na Majina Yake Mkoani Morogoro

Kundi la ng'ombe ni ng'ombe wanaochungwa pamoja, wanaolala zizi moja au wanaoswagwa kwa safari moja. Kamusi huishia hapo, na masomo ya shuleni hayaendi mbali zaidi. Katika orodha ya nomino za jamii, kundi la ng'ombe huwekwa jirani na bumba la nyuki, thurea ya nyota na safu ya milima, na wanafunzi huzikariri zote kwa ajili ya mtihani. Lakini katika Mkoa wa Morogoro, ambako safu ya Milima ya Uluguru inatazamana na tambarare za Mkata na Wami, ng'ombe wengi wakitembea pamoja huzua maneno mengi kuliko hilo moja, na maneno hayo huamua mambo mazito: bei mnadani, tiba ya ugonjwa, fidia ya shamba lililoliwa, hata amani ya kijiji.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni sarufi. Mtu akisema "ng'ombe wamevuka mto", kitenzi kinawahesabu kama viumbe hai, mmoja mmoja, sawasawa na watu. Akisema "kundi limevuka mto", kitenzi kinafuata kundi, na wanyama wenyewe wanazama ndani ya umbo moja lisilo na uso. Kauli zote mbili ni Kiswahili safi. Hata hivyo wenye ng'ombe hupendelea ile ya kwanza, na wanaowaona ng'ombe kwa mbali, wakiwemo waandishi wa habari na watoa taarifa za serikali, hupendelea ya pili. Tena mfugaji husikika akisema "ng'ombe zangu", kwa mtindo ule ule wa "ndugu zangu" na "rafiki zangu", ingawa walimu wengi husahihisha iwe "ng'ombe wangu". Usahihishaji huo una haki yake darasani. Zizini, "ng'ombe zangu" ni kauli ya undugu, na haina sababu ya kuonewa haya.

Neno "ng'ombe" lenyewe ni la kale na limesafiri mbali. Wakikuyu na Wakamba wa Kenya wanalo, Wagogo na Wasukuma wanalo. Kusini zaidi Washona wa Zimbabwe husema mombe, Wazulu inkomo, na Waherero wa Namibia ongombe. Lugha hizo zimetengana kwa maelfu ya kilomita na kwa karne nyingi, na bado mnyama huyu hakubadilishiwa jina. Baadhi ya maneno yanayomzunguka yalikuja baadaye kutoka Kiarabu: fahali ni dume kamili, maksai ni dume aliyehasiwa, na mnada ni mahali pa kumuuzia.

Ndani ya kundi moja Kiswahili kina mpangilio kamili wa majina kwa umri, jinsia na kazi. Aliyezaliwa karibuni ni ndama, awe wa kike au wa kiume. Ndama jike akikua bila kuzaa bado ni mtamba. Akishazaa anakuwa ng'ombe jike, na hapo hali yake hutajwa kwa ukaribu zaidi: ana mimba, ananyonyesha, anakamuliwa, au ni mkavu, yaani amekaushwa maziwa ili apumzike kabla ya kuzaa tena. Asiyeshika mimba kabisa ni tasa. Upande wa madume yupo njeku, dume kijana, kisha fahali anayepanda majike, na yule anayechaguliwa kwa makusudi ya kuboresha kizazi huitwa dume la mbegu. Maksai hana kazi ya kuzalisha: hunenepeshwa kwa nyama, au hufungwa nira akakokota jembe na mkokoteni, kama inavyoonekana katika Bonde la Kilombero tangu familia za Kisukuma zilipofika na ng'ombe wao wa kulimia.

Kati ya majina hayo, mtamba ndilo linalostahili kutazamwa zaidi. Idadi ya mitamba ndiyo inayoonyesha kundi litakuwaje baada ya miaka mitatu au minne. Kundi la ng'ombe hamsini lenye maksai wengi na mitamba michache ni akiba ya fedha inayopungua. Kundi la ng'ombe thelathini lenye mitamba kumi na miwili linakua. Anayehesabu vichwa peke yake ataliona la kwanza kuwa ni utajiri mkubwa kuliko la pili, naye atakuwa amekosea. Serikali imelielewa jambo hilo kwa muda mrefu, na ndiyo maana ilianzisha mashamba maalumu ya kuzalisha mitamba, moja likiwa Ngerengere, mkoani Morogoro, kwa ajili ya kuwapatia wafugaji wanyama wa kuanzia. Methali ya "ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume" imebeba hesabu hiyo hiyo: mwenye ng'ombe mmoja akipata ndama dume, hana mtamba wa kumfungulia njia ya kundi.

Baada ya umri na jinsia hufuata asili. Ng'ombe wengi wa Tanzania, ambao kwa jumla nchini wamevuka milioni 30, ni wa kienyeji: wadogo wa umbo, wenye nundu na pembe fupi, wavumilivu wa jua, kupe na kiu. Wataalamu huwagawa kwa majina ya mahali, na mara nyingine kwa rangi zao: wekundu wa Iringa, weupe wa Singida, ng'ombe wa Kigogo, wa Tarime, wa Kimasai. Yupo pia ng'ombe wa Mpwapwa, aliyetokana na kazi ya miaka mingi ya kuchanganya damu katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, wilaya inayopakana na Kilosa. Waliotoka Ulaya huitwa wa kisasa au wa maziwa, na mchanganyiko wao na wa kienyeji huitwa chotara. Neno "wa kisasa" lina kasoro moja kubwa: humfanya ng'ombe wa kienyeji aonekane amepitwa na wakati, ilhali katika nyika ya Mkata yeye ndiye anayeishi pale ambapo wa kisasa hufa kwa ndigana kali au kwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Mbung'o hao ni sehemu ya sababu za Waluguru, wenyeji wa Milima ya Uluguru, kutokuwa watu wa makundi makubwa. Milima yao inapanda hadi zaidi ya mita 2,600, miteremko ni mikali, ardhi imelimwa hadi juu karibu na misitu ya hifadhi, na tambarare za chini zilikuwa na mbung'o kwa muda mrefu. Mluguru wa Matombo au Mgeta alifuga kuku, mbuzi na kondoo wachache karibu na nyumba. Mgeta ikajulikana baadaye kwa mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, waliopelekwa huko katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwenye ng'ombe huku milimani kwa kawaida ana mmoja au wawili, wako bandani, wanakatiwa majani na kuletewa. Ng'ombe wa namna hiyo hawachungwi na hawaswagwi. Kwa hiyo msamiati wa milimani ni wa banda, hori, majani ya kukata na samadi ya kupeleka kwenye matuta ya mboga. Neno kundi halina kazi kubwa huko.

Makundi yako chini, katika wilaya za Kilosa, Mvomero, Morogoro Vijijini na kusini hadi Kilombero na Malinyi. Wenyeji wa ufugaji huo kwa muda mrefu ni Waparakuyo, tawi la wasemaji wa Kimasai waliosogea kuelekea Ukaguru na Usagara katika karne ya 19 baada ya vita na matawi mengine ya Wamasai. Watu wa pwani waliwaita Wakwavi. Baadaye walikuja Wabarbaig, ambao Kiswahili cha mitaani huwaita Wamang'ati kwa neno lililotoka kwa Wamasai na lenye maana ya adui, na baada yao Wasukuma. Majina haya yanastahili uangalifu. Katika vijiji vingi vya wakulima kundi lolote linaloonekana kwa mbali huitwa "ng'ombe wa Wamasai", hata kama mwenyewe ni Msukuma au ni mfanyabiashara wa mjini aliyemwajiri mchungaji. Kwa jina hilo la jumla, lawama humfikia mtu asiyehusika.

Kwa Kimasai msamiati ni mpana kupita nafasi ya makala haya, lakini sehemu yake inafaa kutajwa. Ng'ombe mmoja ni enkiteng', na wengi ni inkishu; maneno yote mawili ni ya jinsi ya kike, maana kundi kwa asili ni majike na uzao wao. Fahali ni oloing'oni, maksai ni olkiteng'. Rangi zina majina yasiyofasirika kwa neno moja: arus ni mwenye mabaka meusi na meupe, pus ni kijivu kinachoelekea ubuluu, sambu ni mwenye mchanganyiko wa rangi nyingi. Kwa Kiswahili mtu hulazimika kusema maneno matatu au manne, "yule mweusi mwenye mabaka meupe", kufikia pale ambapo Mmasai amefika kwa neno moja. Hata jamii yenyewe imegawanyika kwa rangi za ng'ombe: koo za Wamasai ziko katika pande mbili kuu, Odomongi, wa maksai wekundu, na Orokiteng', wa ng'ombe weusi.

Utaalamu huo wa rangi una kazi yake ya kila siku. Kwa desturi Wamasai hawapendi kuhesabu ng'ombe kwa namba, wakiamini hesabu ya namna hiyo huleta balaa. Jioni, makundi yanaporudi bomani, mwenye mji husimama langoni na kuwatazama wakiingia. Anajua nani hayupo kwa sura, rangi, pembe na ukoo wa mama yake, kama mwalimu mzuri anavyojua nani hayupo darasani kabla ya kufungua daftari la mahudhurio. Mgeni anayeuliza "una ng'ombe wangapi?" huuliza swali lisilo la adabu na lisilo na faida. Swali la adabu ni lile lililomo katika salamu zao, la kuuliza kama watoto na ng'ombe ni wazima.

Kwa macho ya namna hiyo, kundi linaloonekana kuwa la mtu mmoja lina madai mengi ndani yake. Wapo ng'ombe waliotengewa kila mke kwa ajili ya maziwa ya nyumba yake, na baadaye kwa urithi wa watoto wake. Wapo wa vijana, waliopewa tangu utotoni. Wapo wa marafiki, waliowekwa hapo ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, usiwamalize wote. Waliopeana ng'ombe huacha kuitana kwa majina yao ya kawaida na kuitana pakiteng'. Waliopeana kondoo huitana paker. Wasukuma nao wana utaratibu wa kukopeshana ng'ombe, ambapo mlezi hunufaika na maziwa na samadi huku uzao ukirudi kwa mwenyewe. Afisa anayeamuru kundi lipunguzwe kwa nusu, akidhani anazungumza na mwenye mali mmoja, anagusa mikataba ya watu kumi au ishirini ambao hawapo mbele yake. Hii ni sababu kubwa ya maagizo mengi ya kupunguza mifugo kushindwa, na haitajwi vya kutosha.

Kazi ya kundi nayo ina maneno yake. Kuchunga ni kuwa na ng'ombe malishoni na kuwaongoza. Kulisha ni kuwapa chakula. Kunywesha ni kuwapeleka mtoni, kwenye lambo au kwenye birika. Kuswaga ni kuwasukuma mbele kwa fimbo na sauti, mara nyingi kwa safari ya mbali. Josho ni mahali pa kuogeshea kwa dawa ya kupe. Zizi ni la ng'ombe wenyewe, na boma ni makazi yote, watu na zizi lao. Ndama wadogo hawaendi na kundi kubwa. Huchungwa karibu na nyumbani na watoto, na wakubwa huenda mbali na layoni, yaani wavulana wakubwa, au na morani. Wakati wa kiangazi kundi hugawanywa tena: majike wanaokamuliwa hubaki karibu ili familia ipate maziwa, wengine hupelekwa penye maji na nyasi, mara nyingi kwenye mabonde ambayo wakulima nao huyategemea. Ugomvi wa Morogoro huanzia hapo, katika miezi ya kiangazi, kwenye mabonde yenye unyevu.

Mnadani lugha hubadilika. Mnunuzi hafungui mjadala kwa rangi wala ukoo. Hufungua mdomo wa ng'ombe. Meno mawili ya kudumu mbele maana yake ni mnyama wa miaka miwili na zaidi kidogo, meno manne ni mkubwa zaidi, na mdomo uliojaa meno manane ni ng'ombe aliyekomaa. "Dume la meno manne" ni kauli inayoeleweka na dalali, mchinjaji na dereva wa lori. Kutoka minada ya Morogoro, na ile ya Dodoma na Singida inayopitisha mzigo wake humu, ng'ombe husafirishwa hadi Pugu, Dar es Salaam, ambako bei ya nyama ya jiji hupangwa. Mfugaji asiyejua msamiati wa meno huuza kwa kukadiriwa, na makadirio siku zote huegemea upande wa mnunuzi.

Ugonjwa nao hudai maneno sahihi. Ndigana kali huua zaidi ndama wa kienyeji, lakini ng'ombe wa kisasa huwaua wa umri wote. Homa ya mapafu hupita katika kundi zima kwa pumzi, kwa hiyo dalili kwa mmoja ni habari ya wote waliolala naye. Kutupa mimba humhusu jike na fahali aliyempanda. Daktari wa mifugo akipigiwa simu na kuambiwa "ng'ombe anaumwa", hajaambiwa kitu. Akiambiwa ni mtamba, anahema kwa shida, na alirudi wiki iliyopita kutoka kundi la jirani, ameshapata nusu ya uchunguzi. Kumbukumbu ya sotoka inaonyesha kilicho hatarini. Ugonjwa huo ulifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukafagia makundi, watu wakafa kwa njaa nyuma ya ng'ombe wao, na Wamasai wakakiita kipindi hicho Emutai, maangamizi. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, baada ya miongo ya chanjo na ufuatiliaji wa kundi kwa kundi, kazi iliyowategemea sana wafugaji waliojua kutaja walichokiona.

Ofisini, maneno yote hayo hubanwa kuwa neno moja: mifugo. Ndani yake huingia ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, hata kuku. Ni neno zuri kwa jina la wizara na kwa takwimu za nchi. Kwa mgogoro wa kijiji ni neno duni. Taarifa inaposema "mifugo imevamia mashamba", hakuna anayejua walikuwa wangapi, wa nani, walichungwa na mtu mzima au na mtoto, na shamba lilikuwa katika eneo gani la mpango wa ardhi. Neno "kuvamia" nalo ni la vita. Ng'ombe hana nia ya kuvamia. Amechungwa vibaya, au amepitishwa pasipo njia, au njia yake ya zamani imelimwa. Kila moja ya hali hizo ina mkosaji wake, na mara nyingine mkosaji si mfugaji.

Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Msiba huo haukusababishwa na maneno. Ulisababishwa na ardhi, maji, malipizi na udhaifu wa usimamizi. Lakini katika miaka iliyofuata, Kilosa na Mvomero, watu waliendelea kutajwa kwa makundi kama ng'ombe: "wafugaji" upande mmoja, "wakulima" upande wa pili, ingawa Waparakuyo wengi hulima mahindi, na wakulima wengi huwapa wafugaji ng'ombe wao wachache wawachungie. Watu wa namna hiyo wangeweza kuwa daraja, na lugha ya pande mbili haiwaachii mahali pa kusimama.

  

Kwa upande wa ng'ombe wenyewe, Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 inataka kila mnyama atambulike kwa alama, na kutokana nayo zilifuata kampeni za kupiga chapa na baadaye za kuvisha hereni sikioni. Hereni ina namba, na namba husaidia kumpata mwizi na kufuatilia ugonjwa. Ila haisemi kama mwenye hereni ni mtamba au maksai, na wala haijui ni mali ya nani ndani ya boma. Hayo bado huandikwa kwa mkono wa mtu. Mtendaji wa kijiji anayepokea malalamiko ya shamba kuliwa, au taarifa ya ng'ombe walioibwa, aandike walikuwa wangapi, ndama wangapi, mitamba mingapi, rangi gani, alama gani, nani alikuwa akichunga na wenyewe ni nani kwa majina yao. Maandishi hayo huchukua nusu ukurasa wa daftari, na mgogoro hauwezi kuamuliwa kwa haki bila hayo.